Mcheza Kwao Hutuzwa na Nani?

Agosti 22, 2025, Harambee Stars walitolewa na Madagaska kwa penalti pale Kasarani, kwenye robo fainali ya CHAN. Septemba 5, wiki mbili baadaye, Stars walirudi uwanja uleule kucheza na Gambia mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Wakachapwa 3-1.

Kikosi cha kwanza kilikuwa cha wachezaji wa ligi ya hapa nyumbani pekee, maana hiyo ndiyo sheria ya CHAN. Cha pili kilichanganywa: baadhi ya wale wa nyumbani, pamoja na wanaosakata soka ya kulipwa majuu. Unajua kilichofuata. Kwa mabasi, kwa kinyozi, kwa magrupu ya WhatsApp, Kenya iligawanyika mara mbili. Kuna waliosema wale vijana wa CHAN wangeachwa waendelee, kwa sababu wana njaa na wamezoeana, na mastaa wa majuu huja kusalimia shangazi tu. Kuna waliojibu kwamba kufika robo fainali ya mashindano ambayo Salah hawezi kucheza hakukufanyi uwe Brazil. Tena hao Gambia waliotunyamazisha, wengi wao wanacheza Ulaya.

Tunabishana hivi kana kwamba swali hili lilizaliwa juzi, Benni McCarthy alipopewa kazi. Lina miaka sitini. Bara hili lilishawahi hata kulitungia sheria, na rais mmoja akalitungia amri. Kabla hujachagua upande, inafaa ujue yaliyowapata waliochagua kabla yako.

Sheria ya wachezaji wawili

Mwaka 1965 nchi nyingi za Afrika zilikuwa na bendera mpya na timu mpya. Shida ilikuwa kwamba wachezaji bora walikuwa wameanza kuchukuliwa na klabu za Ufaransa, Ubelgiji na Ureno, na klabu hizo hazikutaka kuwaachilia. Ni kama ile ya wakoloni kuchukua kahawa mbichi, sasa walikuwa wanachukua mawinga. Basi mwaka huo timu za Kombe la Mataifa ya Afrika zikakubaliana: kila nchi iite wachezaji wawili tu wanaocheza nje ya bara. Wengine wote watoke nyumbani. Sheria hiyo ilidumu hadi 1982.

Hebu fikiria hilo. Kwa miaka kumi na saba, mjadala unaotufanya tutukanane leo ulikuwa umefungwa kwa kalamu. Ukiwa na mastaa kumi Ulaya, chagua wawili, wale wanane watasikiliza mechi kwenye redio.

Nani alifaidika? Wenye ligi na mipango. Ghana ilichukua kombe 1963 na tena 1965, ikiwa na serikali ya Kwame Nkrumah iliyoiona soka kama kazi ya dola. Desemba 12, 1965, siku yetu ya Jamhuri, Ghana hao walikuja Nairobi wakatupiga 13-2. Sio penalti hiyo, ni mechi ya dakika tisini. Hadi leo ndicho kipigo kikubwa zaidi katika historia ya Stars. Na ukitaka kujua kama "wa nyumbani" peke yake ni dawa, anza na hiyo mechi: timu zote mbili zilitegemea wa nyumbani.

Lakini sheria hiyo ilitusaidia pia. Kenya haikuwa na mastaa wa Ulaya wa kuachwa nje, kwa hivyo haikupoteza kitu. Mwaka 1972 tulifuzu AFCON kwa mara ya kwanza, kule Kamerun, nahodha akiwa Jonathan Niva. Tukafungwa 2-1 na wenyeji, tukatoka sare ya 1-1 na Mali, na nyingine ya 1-1 na Togo. Ilikuwa timu ya watu ambao ungeweza kukutana nao City Stadium wikendi, na ambao mashabiki wengi waliwajua kwa sauti ya redio kabla ya kuwaona kwa macho. Ndiyo enzi iliyotuachia "Kadenge na mpira", maneno ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ambayo hata mtoto wa 2005 anayajua. Joe Kadenge hakuhitaji kwenda majuu ili jina lake liwe methali.

Nyumba na gari za Mobutu

Aliyepeleka wazo hili mbali zaidi ni Mobutu Sese Seko. Kongo ilikuwa imedhalilishwa na Ghana hao hao katikati ya miaka ya sitini, na Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, alikataa aibu hiyo. Akawaita nyumbani Wakongomani waliokuwa wakicheza Ubelgiji, kisha akawazuia wa nyumbani kuondoka. Kwa lugha ya leo, alifuta neno "majuu" kwenye kikosi.

Kwa muda mpango ulifanya kazi vizuri hadi inatisha. Klabu ya Lubumbashi tunayoiita leo TP Mazembe ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika 1967 na 1968. AS Vita ya Kinshasa ikauchukua 1973. Timu ya taifa ikaifunga Ghana 1-0 kwenye fainali ya AFCON 1968, halafu ikashinda tena 1974 kule Cairo, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa, rekodi ya mashindano mamoja ambayo bado inasimama. Mwaka huohuo Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kikosi kizima kilitoka ligi ya nyumbani.

Mobutu akawatuza. Waliporudi na kombe kutoka Cairo walipewa nyumba na magari. Mcheza kwao hutuzwa, si ndivyo tulivyofunzwa?

Halafu wakaenda Ujerumani. Walifungwa 2-0 na Uskoti, matokeo ambayo hayakuwa aibu yoyote. Baada ya hapo, kama wachezaji walivyosimulia miaka mingi baadaye, walielewa kwamba marupurupu yao hayangefika, yameliwa njiani na wakubwa. Walitaka kugoma. Wakaingia uwanjani na Yugoslavia wakiwa hawana moyo, wakafungwa 9-0. Mechi ya mwisho na Brazil ndiyo ile ambayo Mwepu Ilunga anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa wapinzani. Dunia imeicheka klipu hiyo kwa nusu karne kama mfano wa Mwafrika asiyejua sheria. Ilunga mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri sana. Alikuwa na hasira.

Baada ya 9-0 Mobutu akapoteza hamu ya soka, na hamu yake ilipoisha, kila kitu kikaisha, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kilichoishikilia timu. Ndaye Mulamba, mwenye mabao tisa, alimaliza maisha yake Afrika Kusini, mkimbizi na maskini. Alifariki Januari 2019.

Hadithi hii inatajwa mara nyingi kama onyo dhidi ya madikteta kwenye soka. Mimi naiona kama somo juu ya neno moja dogo: kutuza. Tuzo hutolewa na mtu anapofurahi. Mshahara hutolewa mwisho wa mwezi, afurahi asifurahi. Zaire iliwapa wachezaji wa nyumbani upendeleo wote duniani isipokuwa huo wa pili.

Wakati kampuni zilikuwa na timu

Sasa turudi kwetu, maana miaka ya themanini Kenya ilikaribia sana kupata jibu, bila hata kulitafuta.

Angalia orodha. Stars walichukua Kombe la CECAFA 1981, 1982 na 1983, mara tatu mfululizo. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ikifanyika Nairobi, Stars chini ya Mjerumani Reinhard Fabisch walifika fainali Kasarani wakafungwa na Misri 1-0. Desemba ya mwaka huohuo Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi la Afrika: 2-2 na Espérance kule Tunis, 1-1 hapa Nairobi, bao la ugenini likaamua. Kisha Stars wakafuzu AFCON 1988, 1990 na 1992. Tatu mfululizo. Sisi tuliozaliwa baadaye tumeona Kenya ikifuzu mara mbili tu, 2004 na 2019.

Vikosi hivyo vilijaa wachezaji wa ligi ya Kenya. Na wengi walikuwa na kitu ambacho mchezaji wa ligi yetu leo akikipata hupiga picha: kazi. Kenya Breweries ilikuwa na timu. Railways ilikuwa na timu. Posta, benki, viwanda vya sukari kama Mumias na Chemelil, kiwanda cha viatu cha Bata kule Limuru. Mchezaji aliajiriwa, akawa na pay slip, nyumba ya kampuni au marupurupu ya nyumba, halafu jioni mazoezi. Hata aliyechezea Gor au Leopards, klabu za jamii zisizo na kiwanda, aliweza kutafutiwa kazi mahali fulani na shabiki mwenye cheo. Haikuwa soka ya kulipwa. Ilikuwa ajira iliyokuwa na soka ndani yake.

Tusiipake asali. Timu hiyo ya nyumbani haikushinda mechi hata moja katika hizo AFCON tatu. Sheria ya wawili ilikuwa imeshakufa, na wenzetu walikuwa wanakuja na watu wanaocheza Ulaya kila wiki. Nigeria walitupiga 3-0 mwaka 1988. Lakini katika mashindano hayohayo tulitoka 0-0 na Kamerun, na Kamerun ndio walioondoka na kombe. Tulikuwa tunafika kwenye meza. Hatukuwa tunashiba, lakini kiti tulikuwa nacho.

Kisha miaka ya tisini ikaja na lugha yake: marekebisho ya uchumi, ubinafsishaji, kupunguza wafanyakazi. Mashirika yaliyobeba timu yakaanza kufungwa, kuuzwa au kubana matumizi, na kitu cha kwanza mhasibu anachokata ni timu ya mpira. Hakuna kocha aliyeamka siku moja akaamua kuwapendelea wachezaji wa majuu. Kilichotokea ni kwamba kucheza mpira Kenya kuliacha kuwa maisha, kukawa njia ya kutafuta maisha pengine.

Ukitaka ushahidi, tazama nani aliendelea kushinda ligi wakati wengine wanayumba. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa 2001 na 2002. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ilichukua 2003, 2004 na 2005, kisha 2010. SoNy Sugar 2006. Na msimu wa 2024/25 bingwa alikuwa Kenya Police, kwa mara ya kwanza. Uzi unaoziunganisha ni mwajiri anayelipa.

Mariga na namba sabini

Kizazi kilichofuata kilikuwa bora zaidi kuwahi kutoka nchi hii, na kilitoka kweli, yaani kiliondoka.

Dennis Oliech alipitia Mathare United, akaenda Qatar, kisha Nantes na Auxerre. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama ni watoto wa Noah Wanyama, aliyekuwa winga wa AFC Leopards enzi zile za mafanikio. Wakaishia Parma, Inter Milan, Celtic, Southampton, Tottenham. Mwaka 2012 Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa pale Glasgow. Mike Okoth, mshambulizi wa Stars, alihamia Ubelgiji, na mwanawe Divock Origi akachezea Ubelgiji Kombe la Dunia 2014. Hiyo ni familia moja iliyotoka ligi ya Kenya hadi timu ya taifa ya watu wengine ndani ya kizazi kimoja.

Basi kwa hesabu ya wanaosema "leta wa majuu," kipindi cha 2005 hadi 2015 kingekuwa cha dhahabu. Tulikuwa na mtu Auxerre, mtu Inter, mtu Celtic, wote wakati mmoja. Na hatukufuzu AFCON hata mara moja katika miaka hiyo. Kwenye raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia 2010 tulimaliza wa mwisho kwenye kundi, nyuma ya Nigeria, Tunisia na Msumbiji. Mastaa watatu hawawezi kucheza nafasi kumi na moja. Zile nane zilizobaki zilitoka kwenye ligi iliyokuwa imechoka, chini ya shirikisho lililokuwa na vita vya ofisi hadi FIFA ikatufungia 2004 na tena 2006.

Hapo ndipo inaingia hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye mjadala huu, ingawa inauma. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga. Makubaliano na Parma yalikuwepo. Lakini sheria ya Uingereza wakati huo ilidai kwamba mchezaji wa kigeni atoke nchi iliyo ndani ya 70 bora za FIFA. Kenya haikuwa. Kibali cha kazi kikakataliwa. Mariga alikuwa amefanya kila kitu mwenyewe: ameondoka, ameteseka kwenye baridi, amepanda kutoka Sweden hadi Italia. Kilichomfungia mlango wa Ligi Kuu ya Uingereza ni Stars. Ni zile sare za Nyayo, zile mechi tulizopoteza kwa sababu kambi haikuwa na pesa.

Kwa bahati Inter walimchukua siku ya mwisho ya usajili, na miezi minne baadaye akawa Mkenya wa kwanza kuwa na medali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Lakini ona mzunguko. Wa majuu anahitaji timu ya taifa iwe imara ili apandishwe cheo. Timu ya taifa inahitaji wachezaji wanane wengine wa kiwango. Hao wanane wako kwenye ligi ya nyumbani. Ukiiua ligi, umemfungia mlango hata yule aliyeshatoroka.

Misri, Senegal, na Mazembe tena

Kuna nchi zilizoegemea nyumbani zikashinda. Misri ilichukua AFCON 2006, 2008 na 2010 chini ya Hassan Shehata, kikosi chake kikitegemea Al Ahly, Zamalek na Ismaily. Mohamed Aboutrika alikuwa bora kuliko nusu ya watu waliokuwa Ulaya na hakuwa na haja ya kwenda. Kwa nini hakwenda? Uzalendo ulikuwepo, sawa, lakini Al Ahly walikuwa wanalipa, wanajaza uwanja, na wanacheza fainali za Afrika karibu kila mwaka.

Zambia nao walibeba kombe 2012 mbele ya Côte d'Ivoire ya Drogba, 8-7 kwa penalti. Mpigaji wa penalti ya mwisho, Stoppila Sunzu, alikuwa wa TP Mazembe, na hakuwa peke yake kikosini kutoka klabu hiyo. Kwa karatasi, hao ni wa majuu, wanacheza nchi nyingine. Kwa kweli walikuwa mwendo wa gari tu kutoka mpaka wa Zambia, kwenye klabu inayolipa.

Na kuna nchi zilizoegemea majuu zikashinda. Senegal ilipoifunga Ufaransa 1-0 kwenye Kombe la Dunia 2002, wachezaji 21 kati ya 23 walikuwa kwenye ligi ya Ufaransa. Walikuwa Wafaransa kuliko Ufaransa yenyewe, ambayo mastaa wake walikuwa wametawanyika Uingereza, Italia na Hispania. Hapo hoja ya "wa nyumbani kwanza" inagonga ukuta. Lakini Senegal haikukaa ikisubiri Ufaransa iendelee kumlelea watoto. Akademia kama Génération Foot, iliyomtoa Sadio Mané, na Diambars, iliyomtoa Idrissa Gueye, zilijengwa Senegal. Matokeo: waliibeba AFCON Februari 2022 na kikosi cha Ulaya, na mwaka mmoja baadaye wakabeba CHAN na kikosi cha nyumbani.

Moroko vilevile. Kwenye Kombe la Dunia 2022 walifika nusu fainali wakiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Na Agosti 30, 2025, ni Moroko ya nyumbani iliyoinua kombe la CHAN hapa Kasarani, mara yao ya tatu. Wao hawabishani wa nyumbani au wa majuu. Wana wote.

Milioni moja kwa kila ushindi

CHAN yenyewe ni mtoto wa ile sheria ya 1965. CAF iliianzisha 2009 kwa wachezaji wa ligi za ndani tu, na ina vichekesho vyake. Duke Abuya hakuweza kuichezea Kenya kwa sababu yuko Yanga. Dar es Salaam, basi la usiku kutoka Nairobi, kwa CHAN ni majuu sawa na Doha.

Lakini usidharau kilichotokea. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kushiriki, baada ya kunyang'anywa uenyeji wa 2018. Mwaka mmoja tu kabla, Stars walikuwa wanacheza mechi za "nyumbani" Lilongwe na Kampala kwa sababu hatukuwa na uwanja unaokubalika. Halafu kundi likaja: Kongo, Angola, Moroko, Zambia. Tukaifunga Kongo 1-0, bao la Austin Odhiambo. Tukatoka 1-1 na Angola tukiwa kumi. Tukaifunga Moroko 1-0, tena tukiwa kumi, bao la Ryan Ogam. Tukaifunga Zambia 1-0, Ogam tena. Tukaongoza kundi. Watu ambao hawangeweza kutaja wachezaji watano wa ligi ya Kenya mwezi Julai walikuwa wanavaa majina yao mgongoni mwezi Agosti.

Rais William Ruto alikuwa ameahidi Sh1 milioni kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Mimi sina wivu nao, walizifanyia kazi. Kwa mchezaji wa ligi yetu hiyo ni pesa ya kununua ploti, ya kumtoa mama kwenye nyumba ya kupanga. Lakini nilipoisikia ahadi hiyo nilikumbuka Zaire. Nyumba na gari. Zawadi kutoka mkono wa mkubwa, mkubwa akiwa amefurahi.

Naandika kwa kujitegemea tangu niache chuo, na kama kuna kitu kazi hii imenifunza ni tofauti kati ya kupongezwa na kulipwa. Unaweza kuambiwa makala yako imesomwa sana na bado ukaomba rafiki fare. Mchezaji wa ligi ya Kenya anaijua tofauti hiyo kuliko mimi. Ni ligi ambayo SuperSport waliondoka 2017, SportPesa wakaondoka 2019, na migomo ya wachezaji wasiolipwa imekuwa habari ya kawaida hadi haiwekwi ukurasa wa kwanza. Mtu huyohuyo anaweza kupata milioni tatu Agosti na asijue mshahara wa Novemba utakuja au hautakuja.

Ogam alijibu swali hilo kwa miguu yake. Mashindano yalipoisha alihama Tusker akaenda Wolfsberger ya Austria. Yaani shujaa wa wa nyumbani akawa wa majuu kabla hata hatujamaliza kubishana. Ukiwa kwenye kambi ya "wa nyumbani kwanza," umsamehe au umfute? Ndio uone kwamba hizi si aina mbili za watu. Ni mtu mmoja, mwezi Agosti na mwezi Septemba. Michael Olunga alikuwa wa nyumbani mwaka 2015 akiifungia Gor Mahia mabao, halafu 2020 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japani akiwa na mabao 28. Katikati alipata muda wa kumaliza shahada ya uhandisi, jambo ambalo mimi na ligi yetu bado tunalitazama kwa mbali.

Upendeleo wenye maana

Kwa hivyo timu ya taifa iwapendelee wachezaji wa ligi ya nyumbani? Jibu langu ni ndiyo, lakini si mahali ambapo watu wengi wanataka upendeleo huo uwe.

Kwenye orodha ya kikosi, upendeleo uwe mdogo. Kocha akiwa na mabeki wawili wanaolingana, amchukue wa nyumbani. Huyo hatachoka kwa ndege, anaweza kukaa kambini siku nyingi, na kila anayemwona akiitwa kule Kakamega au Likoni ataelewa kwamba ligi inatazamwa. Lakini wasipolingana, basi. Olunga akae nje ili tuonekane wazalendo? Tulijaribu uzalendo wa sheria miaka kumi na saba na wenye mipango bado walitupiga 13-2.

Upendeleo mkubwa uwe kwenye ligi yenyewe, na uwe wa kuchosha, usio na kamera. Klabu isiyolipa wachezaji isiruhusiwe kusajili wengine. Kandarasi ziandikwe na zisajiliwe. Na makaratasi ya watoto yawekwe vizuri, kwa sababu FIFA ina utaratibu ambao mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya pesa hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu yenye rekodi hulipwa. Klabu yenye kitabu kilichopotea hubaki na hadithi ya "huyo tulimlea sisi." Kila Ogam anayeondoka anaweza kuacha kitu cha kumlea Ogam mwingine, kama kuna mtu wa kupokea.

Kuna hatari ya kufanya kinyume. Ni rahisi sana kwa wakubwa wetu kusema "tunawapenda vijana wetu wa nyumbani." Neno hilo ni bei nafuu. Linamfanya mchezaji asiyelipwa aonekane mzalendo, na yule aliyeenda kutafuta mshahara aonekane msaliti, na katikati yao mwenye daftari la mishahara anapita kimya bila kuulizwa chochote. Mobutu naye aliwapenda sana wachezaji wa nyumbani, hadi akawafungia mipaka.

Mwaka 2027 AFCON inakuja hapa, Kenya, Uganda na Tanzania. Tutafuzu kwa kuwa wenyeji, kwa hivyo hakuna kisingizio cha makundi magumu. Kuna msichana au mvulana wa miaka kumi na saba Kayole au Mumias ambaye sasa hivi anaamua kama mpira ni kazi au ni mchezo wa kuacha akipata kibarua. Yeye hangoji kujua kama kocha anapendelea wa nyumbani au wa majuu. Anaangalia kaka yake wa mtaani anayecheza ligi kuu, kama analipa kodi ya nyumba tarehe tano.